Thamani iingie mlangoni, isizikwe ndani ya msimbo

Ndugu Mhariri,

Tumesoma katika ukurasa wenu wa teknolojia maelezo ya kuandika ripoti ndani ya faili la maandishi matupu, maneno na hesabu vikikaa pamoja na hesabu zikiendeshwa papo hapo. Tunashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limeligusa jambo hili. Lakini mifano yote iliyochapwa ilikuwa na kasoro moja: namba ziliandikwa ndani ya msimbo wenyewe, yaani maagizo yanayoendeshwa na kompyuta. Bei humo, asilimia ya VAT humo, jina la mkoa humo. Atakayefuata mifano ile atapata ripoti inayofanya kazi siku ya kwanza. Bei zikibadilika atalazimika kufungua kila kipande cha msimbo na kusaka namba ya kubadilisha, na kati ya vipande ishirini hakosi kusahau kimoja. Hapo ndipo jedwali linaposema hili na aya iliyo chini yake ikasema lile.

Tunaomba nafasi tueleze sehemu iliyoachwa: namna ya kukipa kipande cha msimbo thamani kutoka nje. Kwetu sisi tunaofundisha takwimu, hii ndiyo sehemu inayoamua kama ripoti inaweza kukaguliwa na mtu asiyeiandika. Tutatumia Org, mfumo ulioanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota huko Uholanzi, ndani ya kihariri cha Emacs. Tangu Emacs 22 ya mwaka 2007, Org huja pamoja na Emacs. Hakuna cha kununua, na ukishaisakinisha huhitaji intaneti. Sehemu yake inayoendesha msimbo, inayoitwa Babel, iliandikwa na Eric Schulte na Dan Davison. Wazo lenyewe la kuweka maelezo na msimbo mahali pamoja ni la zamani zaidi; Donald Knuth alilieleza katika makala yake ya mwaka 1984.

Kwanza maandalizi, maana wengi hukwama hapa kabla hata hawajaanza. Org ikitoka kiwandani huendesha lugha moja tu, Emacs Lisp. Nyingine lazima uziruhusu. Weka mistari hii kwenye faili lako la mipangilio ya Emacs:

(org-babel-do-load-languages 'org-babel-load-languages
 '((emacs-lisp . t) (python . t) (shell . t)))
(setq org-babel-python-command "python3")

Mstari wa mwisho unahusu Python, lugha ya programu tutakayoitumia hapa, na una sababu. Kwenye kompyuta nyingi za Debian na Ubuntu (mifumo ya Linux) hakuna amri inayoitwa python, ipo python3 peke yake, na matoleo ya Org yanayotafuta jina la kwanza hushindwa. Mtu hudhani msimbo wake una kosa, kumbe programu haijapatikana kabisa.

Sasa kipande chenyewe. Huu ni mfano wa kuongeza VAT juu ya bei:

#+NAME: vat
#+BEGIN_SRC python :var bei=0 :var asilimia=18
return round(bei * (1 + asilimia / 100), 2)
#+END_SRC

Ndani ya msimbo hamna bei yoyote wala kiwango chochote cha VAT. Vyote viwili vimetangazwa kwenye mstari wa kufungulia, kwa neno :var, kisha jina, alama ya sawasawa, na thamani. Huo mstari ndio mlango. Anayekagua ripoti hahitaji kujua Python. Anasoma mlangoni na kuona kilichoingia. Thamani hizi za mlangoni ni za kuanzia tu, na kila jina lipewe yake. Ukitaka kutumia kipande kwa bei nyingine, hukigusi. Unakiita:

#+CALL: vat(bei=45000)

Weka kishale juu ya mstari huo, bonyeza C-c C-c, yaani Ctrl na c mara mbili, kubali ukiulizwa, na chini yake patatokea 53100.0. Asilimia hukuitaja, kwa hiyo imechukuliwa ile ya kuanzia, 18, ambayo ni kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara. Ripoti ikiwa ya Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni 16, unaandika:

#+CALL: vat(bei=45000, asilimia=16)

na unapata 52200.0. Org hukubali pia thamani bila majina, ikizipanga kwa mfuatano zilivyotangazwa, lakini tunashauri kwa nguvu zote msiandike hivyo. Siku mtu atakapoongeza :var nyingine katikati, thamani zitahama nafasi na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Utapata tu jibu lisilo sahihi.

Katikati ya sentensi ya kawaida inawezekana vilevile. Ukiandika "Bei pamoja na VAT ni shilingi call_vat(bei=45000)", faili likigeuzwa kuwa ukurasa wa HTML au PDF, jibu litakaa mahali pa mwito huo. Hii ndiyo dawa ya aya zinazopingana na majedwali: namba iliyo kwenye sentensi haikuchapwa na mkono wa mtu. Jambo moja la kukumbuka wakati wa kugeuza faili: kipande cha msimbo, usiposema lolote, huonyesha msimbo bila jibu. Ongeza :exports results kwenye mstari wa kufungulia ukitaka jibu peke yake, au :exports both ukitaka vyote. Miito yenyewe, yaani #+CALL na call_, huonyesha jibu bila kuambiwa.

Neno return nalo linahitaji maelezo. Org huufunga msimbo wa Python ndani ya kazi moja (kwa Kiingereza function), kisha huchukua kile kazi hiyo inachorudisha. Ukisahau return, jibu huwa None. Ukiweka :results output, Org huacha kutazama kinachorudishwa na kuchukua kinachochapwa kwa print. Na ukiongeza :session, mambo hugeuka: return hukataliwa kwa ujumbe unaosema 'return' outside function, na thamani ya mstari wa mwisho ndiyo huwa jibu. Kwa anayeanza, tunashauri asiguse :session kabisa. Ndani yake majina ya zamani hubaki hai. Kipande kinaweza kufanya kazi kwa sababu tu ulikiendesha kingine asubuhi, kisha kikakataa kwenye kompyuta ya mwenzako. Kila kinachohitajika kikiingia kwa :var, hilo halitokei.

Aina za thamani ni chache, na kosa kubwa liko kwenye maneno. Namba huandikwa ilivyo. Neno lazima liwe ndani ya alama za kunukuu: :var mkoa="Dodoma". Ukiandika :var mkoa=Dodoma bila alama hizo, Org hudhani Dodoma ni jina la jedwali au kipande kingine ndani ya faili, hulitafuta, halioni, na kukuambia Reference 'Dodoma' not found in this buffer. Ujumbe huo ukiuona, angalia kwanza alama za kunukuu, kisha kama jina limeandikwa herufi kwa herufi. Kosa la upande wa pili lipo pia: ukiweka alama za kunukuu kwenye jina la jedwali, msimbo hupokea neno lenyewe badala ya jedwali.

Hilo la kutaja jina ndilo lenye manufaa kuliko yote, kwa sababu data yako inaweza kukaa mahali ambapo kila mtu anaisoma. Namba hizi ni za kubuni:

#+NAME: mauzo
| Bidhaa   | Kilo |  Bei |
|----------+------+------|
| Mahindi  |  120 |  900 |
| Maharage |   45 | 2800 |
| Mchele   |   80 | 2400 |

#+NAME: jumla
#+BEGIN_SRC python :var t=mauzo
return sum(kilo * bei for _, kilo, bei in t)
#+END_SRC

Jibu ni 426000. Karani anayejua kuandika kwenye jedwali anaweza kubadilisha kilo za mchele bila kuugusa msimbo. Vipande pia hupokezana: #+CALL: vat(bei=jumla) huendesha kwanza kipande jumla, huchukua jibu lake, hulipeleka kwenye vat, na kutoa 502680.0. Jedwali likiwa kwenye faili jingine, andika jina la faili, nukta mbili, na jina la jedwali, kama :var t=bei.org:mauzo.

Majedwali ndiyo yenye mitego mingi, na hapa tutakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni kichwa cha jedwali. Mistari imeingia kwenye msimbo wetu bila "Bidhaa, Kilo, Bei" kwa sababu Org iliona kistari mlalo mara baada ya mstari wa kwanza, ikaelewa kwamba huo ni kichwa, ikauondoa. Lakini hufanya hivyo ikiwa kistari mlalo ni hicho kimoja tu. Wahasibu hupenda kuongeza kistari kingine kabla ya mstari wa jumla. Ukikiongeza, Org huacha kubahatisha na kupeleka kila kitu, kichwa kikiwemo, na Python hujikuta inazidisha neno "Kilo" kwa neno "Bei". Utaona can't multiply sequence by non-int of type 'str'. Dawa ni kusema waziwazi :colnames yes kwenye mstari wa kufungulia. Sisi huiandika kila mara, hata pasipohitajika, ili mtu akija kupamba jedwali baadaye asiharibu hesabu. Na kama kuna mstari wa jumla ndani ya jedwali, utoe; ukiuacha utajumlishwa pamoja na data na jibu litazidi.

Mtego wa pili ni namba zenye koma. Org hugeuza kisanduku kuwa namba ikiwa ndani yake mna tarakimu, nukta na alama chache tu. Ukiandika 2,800 kwa koma, au 2,800/= kama tunavyoandika kwenye risiti, kisanduku hubaki neno. Python haikatai kuzidisha 45 kwa neno. Hulirudia neno hilo mara 45. Kosa hujitokeza baadaye, kwenye kujumlisha, na ujumbe wake haukuelekezi kwenye koma. Andika 2800 kwenye jedwali, na mapambo ya koma yawekwe wakati wa kuonyesha jibu.

Mtego wa tatu unaumiza zaidi kwa kuwa hauna ujumbe wowote. Sifuri ya mwanzo hupotea. Namba ya simu inayoanza na 07, au namba ya mwanafunzi iliyo 0042, hugeuzwa kuwa namba ya hesabu, na 0042 huingia kwenye msimbo kama 42. Orodha ya malipo kwa simu ikipita hapo, kila namba hutoka ikiwa pungufu tarakimu moja. Ifunge namba hiyo ndani ya alama za kunukuu humo humo kwenye kisanduku, "0042", nayo itapita kama neno. Au irudishe sifuri ndani ya msimbo kwa str(n).zfill(4), na kwa simu zfill(10).

Kisanduku kitupu nacho hakiwi sifuri. Huingia kama neno lisilo na herufi, na hesabu husimama. Amua mapema tupu maana yake nini katika data yako, hakuna mauzo au hakukupimwa, maana hayo mawili si sawa, na ujaze ipasavyo.

Unaweza kupeleka sehemu tu ya jedwali kwa mabano ya mraba. Hesabu huanzia sifuri, mstari kwanza, safu baadaye, na namba hasi huhesabu kutoka mwisho. Kabla hujaandika, jua mambo mawili. Kuchagua sehemu hufanyika kabla kichwa hakijaondolewa, kwa hiyo kichwa ni mstari 0, kistari mlalo ni 1, na Mahindi ni 2. Tena, ukiandika 2:4 mstari wa 4 umo, tofauti na Python yenyewe ambayo ingeishia wa 3. Hivyo kilo zote za jedwali letu ni:

#+BEGIN_SRC python :var kilo=mauzo[2:-1,1]
return sum(kilo)
#+END_SRC

na jibu ni 245. Kama kuhesabu mistari kunakuchanganya, peleka jedwali zima na uchague ndani ya msimbo. Ni salama zaidi.

Njia ya kumaliza ubishi wowote kuhusu kilichoingia ni C-c C-v v kishale kikiwa ndani ya kipande. Org hufungua dirisha na kuonyesha msimbo pamoja na thamani zote kama zitakavyopelekwa, bila kuuendesha. Wanafunzi wetu tunawataka wafanye hivyo kabla ya kuuliza swali lolote, na maswali mengi huishia hapo.

Lugha haipokei thamani kwa namna moja, na hapa tuna jambo linalotuhusu sisi waandishi wa Kiswahili moja kwa moja: ile alama ya juu katika ng'. Ukibandika neno Ng'ombe ndani ya msimbo wa bash, lugha ya amri za terminali, kati ya alama moja moja za kunukuu, alama ya ng' huifunga nukuu katikati na amri huvunjika. Ukilipitisha mlangoni, :var mfugo="Ng'ombe", Org hulifunga yenyewe ipasavyo na ndani ya msimbo unatumia "$mfugo" bila wasiwasi. Majina ya watu na vijiji yenye ng' yamejaa kwenye data zetu. Hii peke yake ni sababu tosha ya kutumia :var. Lakini msidhani kila lugha imelindwa hivyo. Kwenye SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, Org huchukua $mfugo na kubandika maneno yaliyomo kama yalivyo, bila kuyafunga. Ukiandika where aina = '$mfugo', swali hukatika pale pale kwenye ng'. Huko lazima alama hiyo iwe imerudiwa mara mbili, Ng''ombe, kabla haijafika.

Jedwali likienda bash hugeuka orodha inayotafutwa kwa neno la safu ya kwanza, likienda sh ya kawaida huwa maandishi yenye nafasi za tab. Wenye kompyuta za Apple watakutana na declare: -A: invalid option, kwa sababu bash inayokuja nazo ni ya 3.2 na orodha za namna hiyo zilianza toleo la 4. Wasakinishe bash mpya, au wapeleke jedwali kwenye Python.

Thamani inayotumiwa na faili zima, kama asilimia ya VAT, isiandikwe kwenye kila kipande. Itangaze mara moja juu kabisa:

#+PROPERTY: header-args :var asilimia=18
#+PROPERTY: header-args+ :var mkoa="Dodoma"

Ile alama ya kujumlisha kwenye mstari wa pili ni ya lazima. Bila hiyo mistari miwili hugombana na mmoja hupotea. Baada ya kubadilisha mistari ya namna hii bonyeza C-c C-c juu yake, ama sivyo Org huendelea kutumia thamani za awali, na huyu ni mchawi anayetafutwa saa nzima. Panapopingana, kilicho karibu zaidi na kipande hushinda: kilichotangazwa kwenye sura hushinda cha faili, cha kipande hushinda cha sura, na cha mwito hushinda vyote. Kwa hiyo kipande chetu cha vat, ambacho kina asilimia yake, hakitafuata ile ya juu mpaka uiondoe kwake.

Ukikosea neno lenyewe, ukaandika :vars badala ya :var, Org haisemi kitu, hupuuza tu. Endesha M-x org-lint (Alt na x, kisha jina hilo) kabla ya kukabidhi ripoti. Hutaja maneno ya mlangoni isiyoyajua, na pia majina yaliyorudiwa, jambo la kawaida mtu anaponakili jedwali la mwezi uliopita na kusahau kubadilisha jina lake.

Sasa faida kubwa. Tanzania ina mikoa 31, Kenya ina kaunti 47. Ofisi inayotoa ripoti moja kwa kila mkoa haina haja ya mafaili 31. Inahitaji moja, ambalo mkoa wake unatoka nje kabisa. Org husoma chochote kinachoanza na mabano baada ya alama ya sawasawa kama Emacs Lisp, kwa hiyo unaweza kuandika:

:var mkoa=(or (getenv "MKOA") "Dodoma")

Maana yake: chukua mkoa uliotajwa kwenye mazingira ya kompyuta, na usipotajwa tumia Dodoma. Kisha kwenye terminali:

for m in Dodoma Tanga "Dar es Salaam"; do
  MKOA="$m" emacs --batch -l msingi.el ripoti.org -f org-html-export-to-html
  mv ripoti.html "ripoti-$m.html"
done

Alama za kunukuu kwenye Dar es Salaam zisikose, la sivyo utapata ripoti tatu za mikoa isiyokuwepo. Mstari wa mv nao usikose, kwani kila mzunguko huandika juu ya ripoti.html ile ile na mwisho ungebaki na mkoa mmoja. Faili msingi.el ni dogo: lina ile mistari ya kuruhusu lugha, na (setq org-confirm-babel-evaluate nil), kwa kuwa bila hiyo Emacs itataka kuuliza ruhusa mahali pasipo na mtu wa kujibu, na kazi itasimama.

Mstari huo wa mwisho ubaki humo humo, usiingizwe kwenye mipangilio yako ya kila siku. Tunalisema hili kwa uzito. Faili la Org linaonekana kama barua tu, lakini linaweza kubeba amri ya kufuta nyaraka zako. Swali la ruhusa ndilo kinga yako unapofungua faili lililotumwa na mtu mwingine, na kabla ya kujibu ndiyo soma kipande kizima pamoja na mstari wake wa kufungulia, kwani mabano ya mlangoni ni msimbo vilevile. Watu hulizima swali hili kwa sababu linachosha, na ushauri wa kulizima umeenea kuliko ushauri wowote mwingine kuhusu Org. Msiuchape.

Kazi ikiwa nzito, kama kusoma data ya sensa ambayo huchukua dakika kadhaa, ongeza :cache yes. Org huhifadhi alama inayotokana na msimbo na thamani zilizoingia, na visipobadilika hutumia jibu la awali. Ila inatazama vilivyopita mlangoni tu. Kama msimbo unafungua faili la CSV lenyewe kwa ndani, na faili hilo likabadilika, Org haitajua na jibu la zamani litabaki.

Wasiotumia Emacs hawajaachwa; ipo mifumo mingine ya kuandika ripoti za namna hii. Kwenye R Markdown thamani hutangazwa juu ya faili chini ya params: na huitwa params$mkoa, kwenye Quarto unaandika quarto render ripoti.qmd -P mkoa:Dodoma. Na kwa Jupyter kuna programu ya papermill, ambayo hutafuta kisanduku kilichopewa lebo ya parameters. Zote ni njema. Tunaipendelea Org kwa sababu thamani hutangazwa kwa kila kipande badala ya kwa faili zima tu, na kwa sababu faili lake husomeka hata kwenye simu isiyo na programu yoyote maalumu, wakati la Jupyter likifunguliwa hivyo hujaa alama zisizohusu maneno ya mwandishi.

Mwisho, ndugu Mhariri, ombi kwa chumba chenu cha kupanga kurasa. Mkichapa mifano hii, iacheni na alama za kunukuu zilizonyooka. Programu za kupanga kurasa huzigeuza kuwa zile zilizopinda, na hugeuza deshi mbili za --batch kuwa deshi moja ndefu. Msomaji akinakili kutoka toleo lenu la mtandaoni, Org haitaitambua "Dodoma" yenye alama zilizopinda kuwa neno. Italitafuta kama jina la jedwali na kulikosa, na Emacs haitaielewa amri ya batch. Mistari ya #+ ianzie mwanzo wa mstari, isikatwe katikati ili kutosha kwenye safu ya gazeti. Ikizidi upana, vunjeni kwa kuongeza mstari wa #+HEADER: juu ya #+BEGIN_SRC na kuhamishia :var huko, mmoja kwa kila mstari. Org huisoma sawasawa.

Wasomaji wenu,
Wakufunzi wa takwimu na kompyuta,
Morogoro